Kiburi katika uongozi wa kanisa: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu ni wa wazee wa kanisa, wahazini, makatibu, wajumbe wa halmashauri, na wachungaji wenyewe. Umepangwa kwa dalili kwa sababu kiburi chenyewe kimekaa moyoni, na moyo wa mtu anaujua Mungu. Sisi tunachokiona ni kitabu cha kumbukumbu za vikao kisicho na pingamizi hata moja, akaunti ya benki inayofunguka kwa saini ya mtu mmoja, na mwinjilisti wa tatu anayeondoka bila kuaga. Hayo yanahesabika na yanarekebishika.

Tafuta dalili inayofanana na ya kwenu. Chini yake utakuta vyanzo, kuanzia kile kinachokutwa mara nyingi hadi cha nadra. Usirukie cha mwisho. Mara nyingi kinachoitwa kiburi cha mchungaji ni katiba ambayo hakuna anayeisoma, au mchungaji aliyechoka, au wazee waoga. Wanaoanza kwa tuhuma hugawanya kanisa, na utaratibu mbovu unabaki palepale ukimsubiri mchungaji atakayefuata.

Kabla ya kuanza

Wekeni mezani vitu vitatu: katiba ya kanisa, kumbukumbu za vikao 12 vya mwisho, na taarifa ya benki ya miezi 6. Katiba iwe ile iliyosajiliwa, si rasimu inayozunguka kwenye simu. Kwa Tanzania, nakala yake ipo kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na majina ya wadhamini yapo RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kwa Kenya, makanisa mengi yamesajiliwa kwa Msajili wa Vyama. Kama usharika wenu uko chini ya dayosisi au jimbo, someni pia katiba ya huko juu, kwa sababu huenda mamlaka ya kumrekebisha mchungaji hamnayo ninyi kabisa.

Kikao cha uchunguzi kiwe na watu 3 hadi 5. Asiwemo anayegombania nafasi ya mchungaji, wala aliyekwishagombana naye hadharani.

Dalili ya 1: Kila pendekezo la kiongozi linapita bila swali

Kikao kinaisha mapema. Azimio linaandikwa kwa maneno yaleyale aliyokuja nayo mwenyekiti. Wakitoka nje, wazee haohao wanasimama wawili wawili getini wakilalamika.

Vyanzo:

1. Ajenda inagawiwa mlangoni. Mtu hawezi kupinga bajeti aliyoiona dakika kumi zilizopita.
2. Kiongozi anazungumza kwanza. Katika desturi zetu, mkubwa akishatoa neno, mdogo akisema tofauti anahesabiwa mkosa adabu. Huo si woga tu, ni malezi.
3. Wazee wote wameteuliwa na yeye, au wanamtegemea: huyu alitafutiwa kazi, yule anasaidiwa ada ya mtoto.
4. Kuna aliyewahi kuuliza akaondolewa kwenye huduma, na wote wanalikumbuka.
5. Kiongozi anatanguliza "Bwana amesema nami", na baada ya hapo kumpinga kunaonekana ni kumpinga Bwana.

Ukaguzi mwepesi: pitieni kumbukumbu za vikao 12 na mhesabu ni mara ngapi pendekezo la mwenyekiti lilirekebishwa, likaahirishwa au likakataliwa. Mkikuta sifuri, kuna tatizo hata kama mchungaji ni mpole kuliko wote.

Marekebisho ya awali hayahitaji ugomvi. Ajenda na karatasi za hesabu ziwafikie wajumbe siku 7 kabla. Mwenyekiti azungumze mwisho, na mzungumzaji wa kwanza awe mjumbe mdogo kuliko wote kwa umri. Maamuzi ya ardhi, mikopo, ajira na mishahara yapigiwe kura ya siri kwenye vikaratasi, na idadi ya kura iandikwe kwenye kumbukumbu.

Yakishindikana hayo, nendeni ndani zaidi: badilisheni namna wazee wanavyopatikana. Kipindi cha miaka 3, theluthi wakitoka kila mwaka, na uchaguzi ufanywe na washirika. Mitume walifanya hivyo katika Matendo 6. Mkutano ndio uliochagua wale saba, mitume wakawawekea mikono, ingawa mitume hao walitembea na Bwana mwenyewe.

Kuhusu "Bwana amesema nami", msibishane kama Mungu anasema. Someni 1 Wakorintho 14:29, ambapo manabii wananena wawili au watatu na wengine wanapambanua, kisha mwandike azimio hili: neno lolote la unabii linalogusa fedha, ardhi, ndoa au ajira litapambanuliwa na wazee kwa siku 30 kabla ya kutekelezwa. Mtu aliyesikia kweli hatapungukiwa na kitu kwa kusubiri mwezi mmoja. Akikataa kusubiri, andikeni katika kumbukumbu kwamba amekataa.

Na mjumbe mmoja asijifanye shujaa. Mfalme Uzia alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani, kuhani Azaria hakumfuata peke yake. Aliingia na makuhani 80 (2 Nyakati 26:17). Sura hiyohiyo inaeleza kwamba moyo wa Uzia uliinuka baada ya kupata nguvu, yaani baada ya minara, visima, jeshi na sifa kuenea mbali. Kwa hiyo mwaka wa kukagua utaratibu wenu ni ule ambao kanisa limejaa na jengo limekamilika. Mwaka wa njaa kila mtu ni mnyenyekevu.

Dalili ya 2: Fedha za kanisa haziulizwi

Hapa pana kelele nyingi kuliko dalili nyingine zote, na hapa pia ndipo watu wasio na hatia huchafuliwa. Fuateni mpangilio.

Chanzo kinachokutwa zaidi ni kukosa utaratibu. Kanisa lilianza na familia tano sebuleni, sadaka ikakaa kwa mchungaji kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka. Leo ni watu mia nne na sadaka bado inakaa kwake. Cha pili, mhazini ni mke, shemeji au mtoto wa kiongozi. Cha tatu, kiongozi anaamini kwa dhati kwamba kanisa ni lake, kwa kuwa alilianzisha na akauza ng'ombe wake kununua kiwanja. Hapa ndipo kiburi kilipo hasa, na mara nyingi kinavaa vazi la kujitoa: "Mimi ndiye niliyeteseka." Wizi wa makusudi ni chanzo cha nne.

Ukaguzi wa kwanza unachukua dakika moja. Chukua simu, anza kutuma shilingi 100 kwenye namba inayotangazwa kila Jumapili, na kabla ya kuthibitisha soma jina linalotokea. Likitokea jina la kanisa, vema. Likitokea jina la mtu, mmeshajua pa kuanzia, na bado hamjamtuhumu yeyote.

Ukaguzi wa pili: chukueni fomu za kuhesabia sadaka za Jumapili 8 mfululizo mzilinganishe na taarifa ya benki, tarehe kwa tarehe. Tofauti ndogo moja moja ni uzembe. Tofauti inayojirudia kwa kiasi kinachokaribiana ni jambo la mkaguzi. Kama fomu hazipo kabisa, hilo ni jibu tosha.

Ukaguzi wa tatu ni wa ardhi. Hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani? Nendeni ofisi ya ardhi mfanye upekuzi rasmi. Msitosheke na nakala iliyofungiwa kabatini. Ardhi ikiwa kwa jina la mtu binafsi, akifa leo inaingia kwenye mirathi, na watoto wake wana haki ya kuidai hata kama wote ni wanakwaya.

Marekebisho: sadaka ihesabiwe palepale kanisani na watu 3 wasio ndugu, wakibadilishana kwa zamu. Fomu iwe na nakala mbili na saini zote tatu. Fedha iende benki siku ya kazi inayofuata. Watia saini wawe watatu, malipo yapite kwa saini mbili, na mchungaji asiwe mmojawapo wa lazima. Kila malipo yawe na hati ya malipo na stakabadhi. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi. Mshahara wa mchungaji upangwe na kamati asiyoikalia, na uandikwe. Posho isiyo na kiwango ndiyo inayomzoesha mtu kujichotea.

Kiongozi akisema mnamdharau kwa kudai saini mbili, mpelekeeni 2 Wakorintho 8:20-21. Paulo alikuwa akisafirisha mchango wa maskini wa Yerusalemu, na akataka waende naye ndugu wengine waliokubaliwa na makanisa, ili pasiwe na wa kumlaumu. Kama mtume alijifunga mwenyewe namna hiyo, mchungaji wa leo hajatukanwa kwa kuombwa afanye vivyo hivyo.

Simameni hapa: mkikuta stakabadhi za kughushi, saini zisizo za wenyewe, mkopo uliochukuliwa kwa hati ya kanisa bila azimio, au kiwanja kilichouzwa, acheni kuchunguza wenyewe. Pigeni nakala za nyaraka zote, mzihifadhi kwa watu wawili tofauti, kisha mwiteni mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa na wakili. Msimwite mtuhumiwa kwenye kikao cha usiku cha kumbana akiri. Kukiri kwa namna hiyo hakusaidii mahakamani wala mbinguni.

Dalili ya 3: Watu wanasemwa madhabahuni

Jumatano mzee aliuliza kuhusu bati za ujenzi. Jumapili mahubiri yanahusu Kora, Dathani na Abiramu waliomwasi Musa, na ardhi iliyofunua kinywa chake ikawameza. Hakuna jina lililotajwa, lakini kanisa zima limegeuka kuangalia benchi la tatu.

Vyanzo vya kawaida ni uchovu na uchungu usio na pa kwenda. Mchungaji anayehubiri Jumapili, Jumatano na Ijumaa, anayezika, anayefungisha ndoa na kulala hospitalini na wagonjwa, na ambaye hana mtu wa kumweleza yanayomsibu, ataeleza kwenye kipaza sauti. Chanzo kinachofuata ni kanisa kukosa njia ya kumaliza migogoro. Kiburi chenyewe, kile cha kuamini kwamba kuulizwa ni kuasi, kinakuja baada ya hivyo viwili. Kikikomaa, mtu huyo hasikii tena tofauti kati ya jina lake na jina la Bwana.

Sikilizeni rekodi za mahubiri 6 ya karibuni mkiwa na kalamu. Andikeni: fungu la Biblia lilifafanuliwa kwa dakika ngapi? Ni visa vingapi ambavyo mhubiri mwenyewe ndiye aliyeshinda? Ni mara ngapi wametajwa "wapinzani", "wachawi wa kanisani", "wanaoondoka watakoma"? Mkimpelekea orodha yenye tarehe na dakika, mtazungumza juu ya maneno yaliyosemwa. Mkimpelekea "watu wanasema", mtazungumza juu ya watu.

Rekebisheni kwanza kwa kupumzisha: Jumapili 1 kati ya 4 ahubiri mwingine, na mwezi mmoja wa likizo kwa mwaka ambao anauchukua kweli. Mtafutieni mchungaji mstaafu wa kanisa jingine wa kukaa naye kila mwezi. Wekeni pia kanuni ya wahubiri wote, wageni wakiwemo: jambo lililo mezani kwa wazee halipandi madhabahuni.

Lipo andiko moja linalotumiwa kama ngao hapa, na linastahili kusomwa pole pole. "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Ni Zaburi 105:15, na 1 Nyakati 16:22; masihi maana yake ni mpakwa mafuta. Anzeni kusoma mistari mitatu nyuma. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo na watu wao, wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hata taifa, na wanaokemewa ni wafalme waliokuwa na nguvu za kuwadhuru. Zaburi hiyo inawalinda wanyonge dhidi ya wenye mamlaka. Kuigeuza ikamlinde mwenye mamlaka dhidi ya mjane anayeuliza sadaka yake imekwenda wapi ni kuisoma kichwa chini, miguu juu.

Mfano wa Daudi na Sauli nao usomwe wote. Ni kweli Daudi alikataa kumwua masihi wa Bwana pangoni. Lakini alitoka pangoni akiwa ameshika kipande alichokata cha vazi la Sauli, akamwita mfalme kwa sauti mbele ya majeshi yake, akamwambia kwamba anamwinda bila kosa, na kwamba Bwana atahukumu kati yao (1 Samweli 24). Hakumdhuru, na hakunyamaza. Akamwita "baba yangu" hukohuko akimwambia ukweli, na huo ndio mtindo wa kuufuata kwetu: shikamoo kwanza, kisha kipande cha vazi.

Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme, naye masihi wa Bwana, Nathani alisimama mbele yake akasema, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakuna aliyemwambia Nathani kwamba amegusa mpakwa mafuta.

Dalili ya 4: Wasaidizi hawadumu, na mrithi haonekani

Kanisa lina miaka 20. Limepitisha wachungaji wasaidizi saba, na leo hakuna hata mmoja. Kila aliyeondoka anaelezwa kwa neno lilelile: "alikuwa na roho ya uasi."

Chanzo cha kwanza mara nyingi si wivu. Ni uzee usio na maandalizi. Mchungaji ana miaka 67, nyumba anayoishi ni ya kanisa, hajawahi kuchangiwa NSSF, shamba alilokuwa nalo aliliuza kusomesha watoto. Akistaafu, analala wapi? Mtu wa namna hiyo atamwona kila kijana mwenye karama kama anayekuja kumtoa nyumbani, na hataeleza hofu yake kwa sababu aibu haimruhusu. Mnaita kiburi, naye anaita kuishi.

Chanzo cha pili ni mzigo kutogawanywa: hajui kukabidhi kazi, na hakuna aliyemfundisha. Yethro alimwona Musa akihukumu peke yake tangu asubuhi hata jioni, akamwambia analofanya si jema, atachoka yeye na watu alio nao. Musa alimsikiliza mkwewe (Kutoka 18). Chanzo cha tatu ndicho wivu wa Sauli, ulioanzia kwenye wimbo wa wanawake: Sauli elfu zake, Daudi makumi elfu yake. Tangu siku hiyo akamwonea Daudi wivu.

Ukaguzi: watafuteni wasaidizi watatu wa mwisho waliotoka, mmoja mmoja, muwaulize maswali matatu tu. Ulikabidhiwa kazi gani kwa maandishi? Ulihubiri mara ngapi kwa mwaka? Kitu gani kilibadilika kabla hujaondoka? Mkisikia mara tatu kwamba mambo yalibadilika baada ya watu kuanza kusifia mahubiri ya msaidizi, mmeshapata chanzo.

Kama ni hofu ya uzee, tibuni hofu. Anzeni michango ya NSSF mwezi huu. Kwa Tanzania ni jumla ya asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa wakigawana. Kwa miaka iliyopotea, kanisa limnunulie kiwanja kwa jina lake na kuanza msingi, kwa azimio la mkutano mkuu. Kisha, si kabla, pangeni tarehe ya kustaafu. Mkianza na tarehe mtapata vita, na mtakuwa mmeistahili.

Kama ni wivu, msimwongezee msaidizi mwingine mpaka mpangilio wa kazi uandikwe: msaidizi ana Jumapili zake, bajeti yake, na mtu wa tatu wa kupeleka malalamiko. Asipokubali hata hayo, jambo liende kwa wasimamizi wa juu.

Dalili ya 5: Vyeo vinaongezeka, itifaki inakuwa ndefu

Mchungaji amekuwa askofu, kisha mtume, kisha daktari. Ana mlinzi hadi chooni. Hapa msipoteze muda mwingi, kwa sababu ni dalili ya juu juu na nusu yake inatengenezwa na waumini wenyewe, wanaopenda kuwa na mkubwa anayeonekana mkubwa. Kumwamkia kwa heshima, kumbebea Biblia mzee wa miaka 70, kumpa kiti chenye mto: hayo ni malezi mema, yasiguswe.

Pimeni kwa kuondoa kitu kimoja kidogo. Jumapili moja mgeni akae kiti chake, au mtangazaji aseme "mchungaji wetu" tu. Mwenye afya hatagundua. Mkiona mtangazaji ameondolewa kwenye zamu, rudini Dalili ya 1.

Shahada za chuo zinathibitishwa na tume za vyuo vikuu: TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya. Udaktari wa heshima usiwekwe kwenye barua za benki wala maombi ya ufadhili kana kwamba ulisomewa. Hilo likiendelea baada ya kuambiwa mara moja, limeshatoka kwenye majivuno na kuingia kwenye udanganyifu.

Dalili ya 6: Kosa linajulikana, ila kiongozi hakiri

Au anakiri kwa namna isiyotibu: "Kama kuna niliyemkwaza, anisamehe." Hapo hakuna kosa lililotajwa, na "kama" imemrudishia mzigo aliyekwazwa.

Toba inayofaa kazi ina sehemu nne, na mnaweza kuziangalia moja moja. Kosa linatajwa kwa jina lake. Aliyekosewa anaombwa msamaha yeye mwenyewe, mahali pa ukubwa ule ule wa kosa: la hadharani hadharani, la faragha faragha. Kilichochukuliwa kinarudishwa. Na hatua za nidhamu zinapokelewa bila masharti. Sauli alikubali kwamba amekosa, kisha papo hapo akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee (1 Samweli 15:30); sehemu ya nne ilimshinda. Petro alikemewa na Paulo mbele ya wote kule Antiokia kwa kujitenga na watu wa Mataifa mezani, na barua yenye jina lake inamwita Paulo ndugu yetu mpenzi.

Afrika Mashariki tuna urithi wetu katika jambo hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Tanganyika na Kenya, ulijengwa juu ya kutembea nuruni: mtu anakiri dhambi yake mbele ya ndugu, msomi kwa mkulima, Mzungu kwa Mwafrika, mchungaji kwa mfanyakazi wa jikoni. Mahali ambapo ushirika wa namna hiyo bado upo, mwalikeni mchungaji wenu akae humo kama ndugu, bila kuongoza. Ila tahadhari ipo: hata kukiri hugeuka kuwa jukwaa, mtu akitoa ushuhuda mtamu wa dhambi za zamani ili asiulizwe za mwezi huu. Angalieni kilichorudishwa.

Dalili ya 7: Kiburi kiko upande wa pili

Kuna makanisa ambayo mchungaji ndiye anayeonewa. Mzee mmoja amekaa kwenye baraza miaka 25, au mfadhili aliyejenga ukuta anataka kuchagua mhubiri. Yohana alimkuta mtu wa namna hiyo, Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza, aliyekataa kuwapokea ndugu, tena akawafukuza kanisani waliotaka kuwapokea (3 Yohana 9-10).

Angalieni kama wachungaji watatu mfululizo wamehamishwa kwa malalamiko ya watu walewale. Kama ndivyo, tatizo haliko kwa wachungaji. Wekeni ukomo wa kipindi kwa wazee, na pokeeni michango mikubwa kwa barua inayosema wazi kwamba haina masharti. Msiogope kurudisha fedha.

Namna ya kumkabili kiongozi

Mpangilio ni wa Mathayo 18:15-17: wewe naye peke yenu, kisha pamoja na mmoja au wawili, kisha kanisa. Kwa mzee wa kanisa kuna kinga ya ziada na ukali wa ziada: mashitaka juu yake yasipokelewe bila mashahidi wawili au watatu, na wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20).

Atakayetangulia awe mtu wa rika lake au mkubwa kwake. Kijana mwenye hoja nzuri atashindwa kwa sababu ya umri wake, si hoja. Pelekeni mambo yasiyozidi matatu, yenye tarehe. Siku isiwe Jumamosi wala Jumapili. Mke wake asiwepo siku ya kwanza, ila ajue kwamba kikao kipo. Msitume hata neno moja kwenye kundi la WhatsApp. Mpeni siku 14 za kujibu, kwa maandishi au kwa mdomo, kisha mrudi.

Akikasirika siku ya kwanza, msiandike kwamba amekataa. Watu wengi wanyofu hukasirika kwanza. Andikeni anachofanya siku ya 14.

Wapi pa kuacha na kuita wengine

Katika mambo yafuatayo msitumie hatua za Mathayo 18, wala msiyamalize kwa maombi na kupeana mikono.

Mtoto kuguswa au kudhalilishwa, au mtu yeyote kubakwa: nendeni polisi siku hiyohiyo. Tanzania kuna dawati la jinsia na watoto vituoni, na simu 116 ya watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU, na nguo alizovaa zisifuliwe. Onyo la 1 Wakorintho 6 juu ya ndugu kushitakiana linahusu madai ya kati yao. Jinai ni ya Warumi 13, yaani ya mamlaka ya serikali.

Kiongozi anapokataza dawa, chanjo au hospitali, au kuamuru mfungo usio na mwisho, msingoje kikao cha wazee. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia mwaka 2023, ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaamuru wafunge. Anayesema "acha vidonge vya presha na ARV, umepona" aripotiwe, na mgonjwa arudishwe kliniki leo.

Kiongozi aliyebadilika ghafla: halali siku kadhaa mfululizo, anaongea bila kupumua, anatumia fedha ovyo, anasema amepewa mataifa yote. Huenda ni ugonjwa wa akili, na unatibika. Familia imfikishe hospitali yenye daktari wa magonjwa ya akili. Msimkemee na msimrekodi.

Vitisho vya kipigo, kufuli kubadilishwa, makundi mawili kugombania jengo: kaeni mbali na mlango. Wakili apeleke katiba na orodha ya wadhamini kwa msajili au mahakamani, na ibada zihamie kwenye nyumba za washirika mpaka amri itoke.